Kabla Hujaita Trekta

Mtu wa kwanza kukuambia kwamba shamba lako limekaa bure atakuwa broka. Atasimama kando ya barabara, mkono mmoja kwenye mlango wa gari, atupe macho juu ya nyasi zako hadi zinapokutana na mbingu, halafu akuulize mbona hujazikata ploti za hamsini kwa mia. Wa pili atakuwa shemeji yako mwenye trekta. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuwajibu wote wawili. Huenda una ekari ishirini, huenda una elfu mbili. Uko Kajiado, Machakos, Narok au Laikipia, na sehemu kubwa ya ardhi yako ni nyasi za asili ambazo hazijawahi kuguswa na jembe.

Mfano wangu mkuu ni uwanda wa Athi-Kapiti, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kwa sababu huko makosa yote yamekwisha kufanywa na yanaonekana kwa macho. Mbuga hiyo, iliyotangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Imezungushiwa uzio pande zote isipokuwa kusini, upande wa mto Mbagathi, na wanyama wake waliishi kwa kutoka. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia walivuka mto kwenda kwenye nyasi fupi za Kitengela na Kapiti. Kiangazi kikikaza, wakarudi mbugani kwenye maji. Nusu ya maisha yao ilikuwa kwenye ardhi ya watu. Leo safari ile imebaki vipandevipande, na bunduki ya jangili si sababu ya pekee. Kila mmoja alizungushia kwake seng'enge, akiamini kwamba shamba lake moja haliwezi kuziba njia.

Hali hiyo haiko Kitengela peke yake. Takriban theluthi mbili ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga za taifa na hifadhi za serikali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia hesabu za wanyama zilizofanywa kwa ndege tangu 1977, ulionyesha kwamba idadi yao katika nyanda za malisho imeshuka kwa wastani wa asilimia 68. Ukiziweka hizo tarakimu mbili pamoja, utaona kwamba kazi kubwa iko kwa mwenye shamba kuliko kwa askari wa wanyamapori.

Hatua mia moja

Anza kwa kujua ulicho nacho. Wengi wetu tukiulizwa kuna nini shambani hujibu "nyasi tu", kama mtu anayeulizwa nyumbani kuna nani akajibu "watu tu".

Mwishoni mwa msimu wa mvua, nyasi zikiwa zimetoa mbegu, chagua mti au jiwe la kuanzia na jingine la kulengea. Tembea hatua mia moja ukielekea huko. Kila hatua, angalia kilicho mbele ya ncha ya kiatu chako: nyasi ya kudumu, nyasi ya msimu mmoja, gugu, au udongo mtupu. Weka alama kwenye daftari. Ukifika mwisho una asilimia zako bila kuhitaji kikokotoo. Piga na picha ukiwa umesimama palepale ulipoanzia. Mwaka ujao rudia mstari uleule, mwezi uleule. Alama za udongo mtupu zikitoka 15 zikawa 30, shamba lako linaumwa, hata kama kwa mbali linang'aa kijani.

Nyasi ya kutafuta kwanza ni ile ambayo wataalamu huiita Themeda triandra. Utaijua kwa rangi: ikikomaa hugeuka nyekundu ya kutu, na mbegu zake huning'inia katika vishada vyenye nywele ndefu nyeusi. Ng'ombe wanaipenda, na kwa sababu hiyo ndiyo ya kwanza kutoweka malisho yanapozidiwa. Pamoja nayo tafuta zile ambazo wafugaji wa Ukambani wamezipa majina tangu zamani: ndata kivumbu yenye mkia kama wa mbweha, mbeetua, nguu na kilili. Ukoka utaukuta kwenye maboma ya zamani na kando ya maji. Kama humjui mtu wa kukuonyesha, mwendee mzee aliyechunga eneo hilo utotoni. Mpe fimbo na siku nzima, usimharakishe.

Angalia pia ndege. Karani tamba akitembea kwa maringo katikati ya uwanda, akikanyaga nyoka na panzi, ni dalili kwamba nyasi zako bado zina wakazi. Korongo wenye taji wanaotua kwenye kidimbwi cha mvua ni dalili nyingine. Ndege hawa hawahitaji uwapandie mti. Kwa kweli hili ni kosa la watu wenye nia njema: wanapata uwanda wa nyasi, wanadhani ni msitu uliokufa, wanapanda miche elfu ya miti ya kigeni na kupiga picha. Uwanda si msitu uliokosa miti. Uache uwe uwanda.

Jembe na kinachobaki baada yake

Sehemu kubwa ya Kapiti ina ule udongo mweusi unaonata kama gundi mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kumeza mguu wakati wa kiangazi. Juu yake nyasi za kudumu zimejenga mizizi kwa miaka mingi kuliko umri wako. Trekta likipita mara moja, mizizi ile imekwisha. Utapata mahindi mwaka wa mvua nzuri, pengine na wa pili. Mwaka wa tatu mvua ikikosekana utaliacha shamba, na humo yataota magugu, kisha nyasi dhaifu za msimu mmoja. Ile nyekundu haitarudi upesi. Mbegu zake hazisafiri mbali na hazikai ardhini kwa muda mrefu zikisubiri. Kuna mashamba yaliyolimwa misimu miwili na kuachwa ambayo mpaka wake bado unaonekana kama mshono wa nguo baada ya miaka mingi.

Waliolipa gharama hii kuliko wote ni Wamarekani. Sehemu kubwa ya jimbo la Iowa ilikuwa uwanda wa nyasi ndefu. Leo imebaki chini ya moja ya kumi ya asilimia moja. Wanaotaka mbegu za nyasi zao za asili huzitafuta kandokando ya reli na kwenye makaburi ya walowezi wa kwanza, kwa sababu huko ndiko plau haikufika. Sisi bado tunazo hai, ng'ombe amesimama juu yake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni ya kutofanya: usilime pale pasipolimwa. Ukihitaji bustani ya mboga au kipande cha mahindi ya nyumbani, tumia sehemu iliyokwisha kuharibika karibu na nyumba, uizungushie vizuri, uwanda uuache.

Palipo na udongo mtupu ndipo pa kufanyia kazi. Chimba vijilambo vya nusu mwezi, mdomo wake ukielekea juu ya mteremko ili upokee maji yanayokimbia. Vile vilivyochimbwa na jamii za Kajiado vina urefu wa mita tano hivi na upana wa mita mbili na nusu. Mimina humo mbegu za nyasi za hapohapo kabla mvua haijaanza, uzifunike kwa udongo mwepesi tu. Mbegu iliyovunwa majuzi mara nyingi hukataa kuota. Ivune msimu huu, iweke pakavu, uipande msimu ujao. Kisha funga sehemu hiyo hadi nyasi zitoe mbegu na kuziangusha zenyewe. Hapo subira inahitajika kuliko pesa, kwa sababu ng'ombe wa jirani wataiona kabla yako.

Ng'ombe hawana kosa

Wapo wanaosema ukitaka wanyamapori uondoe mifugo. Sikubaliani nao. Nyanda hizi zimechungwa kwa karne nyingi, na nyasi isiyoliwa kabisa hujisonga, ikawa mabua makavu yasiyofaa swala wala ndama. Huko Mpala, Laikipia, kuna majaribio yaliyoanza mwaka 1995 ambapo vipande vya malisho vilizungushiwa ili ng'ombe, punda milia na wanyama wengine walishwe pamoja au kutengwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wakati wa kiangazi wanyamapori huwapunguzia ng'ombe uzito, jambo ambalo kila mchungaji analijua. Ila wakati wa mvua mambo hugeuka: ng'ombe waliochungwa pamoja na wanyamapori walinenepa zaidi. Punda milia hula mabua magumu ya juu, na ng'ombe akafikia majani laini ya chini.

Kinachoua malisho ni hesabu mbaya. Fanya yako hivi. Tengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja, itupe mahali kumi tofauti, kata nyasi zote ndani yake, zikaushe, uzipime. Tuseme wastani ni gramu 250. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo una kilo 1,000 hivi za nyasi kavu kwa ekari. Nusu yake iache ardhini. Nyasi iliyokatwa zaidi ya hapo huacha kukuza mizizi, na isiyo na mizizi haivumilii kiangazi. Zimebaki kilo 500. Ng'ombe wa kilo 300 hula takriban kilo saba na nusu kwa siku, yaani kilo 2,700 na ushei kwa mwaka. Anahitaji ekari tano na nusu, na bado hujampa punda milia chochote. Ukipata kwamba shamba lako la ekari 100 linabeba ng'ombe 18 na wewe una 40, utajua ni kwa nini kila Septemba unanunua majani kwa lori.

Wamasai wana olopololi, kipande kinachofungwa karibu na boma ili ndama na wagonjwa wapate kitu kiangazi kikikaza. Chukua wazo hilo ulipanue: gawa shamba sehemu nne au tano, na kila mwaka sehemu moja ipumzike msimu mzima wa mvua, hadi imwage mbegu. Sehemu ya mwaka huu isiwe ya mwaka ujao. Na boma la ng'ombe lihamishe. Mahali ng'ombe walipolala kwa majuma machache pana samadi ya kulisha nyasi kwa miaka mingi. Huko Laikipia maboma ya zamani yamekuwa viwanja vya kijani ambavyo swala huvipendelea hadi leo, kwa utamu wa nyasi na kwa sababu adui huonekana kutoka mbali.

Jihadhari na jambo moja ambalo waandishi wa mijini hawalitaji. Nyumbu wakizaa, ndama wao wachanga huambukiza ng'ombe ugonjwa unaoziba pua na kupofusha macho, na ng'ombe akishaugua ni nadra kupona. Nyumbu mwenyewe haugui. Mahali wanapozalia, mara nyingi ile miezi ya mwanzo wa mwaka, ondoa ng'ombe wako hadi ndama wale watimize kama miezi mitatu. Wafugaji wa kale walifanya hivyo bila maabara. Hii ndiyo sababu unahitaji malisho ya akiba upande mwingine, au jirani mnayeelewana.

Seng'enge

Zungushia nyumba, bustani na zizi. Malisho yaache wazi. Kama ni lazima uweke mpaka, panda mawe au nguzo zisizo na waya. Sheria inajali vigingi vya mpimaji, si miiba.

Ukishindwa kabisa na ukaweka waya, waya wa chini uwe angalau sentimita 40 kutoka ardhini na usiwe na miiba, ili swala tomi na ndama wapite chini. Wa juu usizidi mita moja, nao usiwe na miiba, maana hapo ndipo twiga na pofu huchanika. Nyumbu na punda milia si warukaji. Hao waachie mapengo mapana kwenye njia zao za kila siku, ambazo utazijua kwa kufuata kinyesi na vumbi. Kagua waya mara kwa mara. Waya uliolegea huvutwa na mtu usiku, na baada ya wiki utauona tena ukiwa mtego shingoni mwa swala.

Maji na magugu

Bwawa la mifugo liwe na upande mmoja wenye mteremko mlaini, wanyama wanywe na kutoka bila kuzama tope. Usichimbe mengi. Maji yakiwa kila mahali, ng'ombe na wanyama hawaondoki, na nyasi hazipati siku ya kupumzika.

Magugu ya kigeni yang'oe yakiwa machache. Mathenge uliletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, na watu wa huko wanajua kilichofuata. Mpungate umefunika malisho makubwa Laikipia. Huko wadudu wanaoufyonza wameachiliwa na wanaufanya unyauke, ila si kazi ya mwaka mmoja. Gugu karoti husafiri kwa majani ya kununua na magurudumu ya malori, kwa hiyo lishia majani ya nje mahali pamoja tu, karibu na nyumba, uwe unapachunguza kila baada ya mvua. Kuchoma nyasi kuna faida yake dhidi ya vichaka na kupe, lakini omba kibali kwanza, waarifu majirani, na uchome kidogo. Moto ulioukaribisha mwenyewe hauulizi mpaka wa shamba.

Fisi akija usiku

Utapoteza mbuzi. Afadhali ulijue mapema kuliko kudanganywa na vijitabu vya rangi. Zizi la miiba lisilo na pengo, mbwa wawili wanaobweka na mtu anayelala karibu huzuia mengi. Richard Turere, mvulana wa Kitengela aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake kando ya mbuga, aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea, si ule uliosimama. Akaunganisha balbu za kuwakawaka kwa betri ya gari na paneli ya sola. Mwaka 2013 alisimama mbele ya ulimwengu kuelezea alichobuni. Taa za namna hiyo sasa zimefungwa kwenye mazizi mengi.

Usiweke sumu kwenye mzoga, hata kwa hasira ya ng'ombe wa maziwa. Sumu hiyo haimchagui fisi aliyekukosea. Itaua tumbusi kwa makumi, mbwa wako, na pengine mtoto wa jirani. Mpigie afisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) siku hiyohiyo, piga picha za mzoga na nyayo kabla hazijavurugwa, jaza fomu ya fidia na ubaki na nakala. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka shilingi milioni tano kwa kifo cha mtu na milioni tatu kwa ulemavu wa kudumu. Mifugo hulipwa kwa bei ya soko. Malipo huchelewa, mara nyingi miaka. Nakala ndiyo itakayokusemea.

Jirani, karatasi na ada ya shule

Ekari zako hamsini peke yake ni kisiwa. Kabla hujaandika barua kwa shirika lolote, waite wenye mashamba mnaopakana, mnywe chai, mchore ardhini kwa fimbo njia ambazo wanyama wanapita. Mkikubaliana watano kutozungushia ukanda mmoja, mmefanya zaidi ya mtu mmoja mwenye maelfu ya ekari na ukuta. Wenye ploti za Mara walianza hivyohivyo: waliunganisha mashamba yao ya hatimiliki na kukodisha kwa kambi za watalii, ndipo zikapatikana hifadhi kama Ol Kinyei, Olare Orok na Naboisho. Lakini ukumbuke mwaka 2020, ndege ziliposimama na vitanda vikabaki vitupu. Kodi ya mtalii usiifanye mguu wa pekee wa kigoda chako. Ng'ombe awe wa pili.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inamruhusu mtu mmoja au jamii kusajili hifadhi juu ya ardhi yake. Wanyama wanabaki mali ya taifa. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo usimsikilize mtu anayekuahidi biashara ya nyama. Sheria hiyo, pamoja na ile ya mazingira ya 1999, inatambua pia makubaliano ambayo unabaki na hatimiliki yako ila unajifunga, wewe na warithi wako, kutolima au kutogawa. Soma neno "warithi" mara mbili. Mkeo au mumeo aketi mezani, na watoto waliofikia umri pia, maana hatimiliki ikifika kwao bila kujua walichofungiwa, mkataba utaishia mahakamani. Ukiamua kinyume, yaani kugawa ardhi ya kilimo au kuiuza, utahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Waulize wazee walioketi hapo nini kimekwisha kuidhinishwa jirani yako.

Msomaji wa Tanzania ana mlango tofauti, kwa kuwa ardhi huko ni ya umma na kijiji ndicho kinachoshika sehemu kubwa ya malisho. Kwake cha kwanza ni mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo hutolewa hata kwa kundi. Huko Terrat, Simanjiro, kijiji kilikubaliana na kampuni za utalii zilipie uwanda usilimwe, na wafugaji wakaendelea kuchunga humohumo.

Na ukipata mtu wa kukodi, ujadili tarehe kama unavyojadili bei. Mpango wa Kitengela ulioanza mwaka 2000 uliwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka wasizungushie, wasilime na wasiuze. Pesa zenyewe hazikuwa nyingi, na kadiri bei ya ploti ilivyopanda ndivyo zilivyozidi kuonekana kidogo. Ila zililipwa kwa awamu tatu, shule zilipokaribia kufunguliwa. Broka huja Januari, mtoto akiwa amerudishwa nyumbani kwa ada. Waombe na wewe wakulipe Desemba.